Jogoo wa Sadaka

Lushoto, Jumapili jioni, mwezi wa Julai

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimepungua na viazi vya bondeni vimepona baridi. Mimi ni mzima. Kwenye simu ya matroni tunapewa dakika chache, nami nikisikia sauti yako huishia kusema, "Nipo salama, Baba." Leo nitakueleza yote.

Muhula uliopita nilitaka kuacha shule nirudi Mtae. Tangu tumzike Mama nilikuwa naenda ibadani na wenzangu, naimba kwa midomo tu.

Halafu ikafika Jumapili ya mavuno. Baada ya ibada watu walitoka nje kunadi sadaka: kabichi, miwa, mayai, na jogoo mmoja mwekundu. Mzee wa kanisa alipomwinua yule jogoo, nikamwona rafiki yangu Upendo ng'ambo ya pili, nikampungia mkono. Mzee akadhani napandisha bei.

"Ameenda! Kachukua binti wa shule!"

"Mzee, atamfuga bwenini huyo?" mama mmoja akauliza.

"Amfuge! Matroni atapumzika kupiga kengele."

Walicheka mpaka mchungaji akashika mbavu. Nilitamani kujificha. Mama Neema, anayeuza karoti sokoni, akanilipia, akanipakatisha jogoo, akaniuliza kwa Kishambaa mimi ni wa wapi. Nikamwambia Mtae.

"Mama hajambo?"

Baba, hapa shuleni nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo. Nikasema amefariki. Hakuniambia ninyamaze. Aliketi nami kwenye nyasi, akina mama wengine wakaja, wakaomba taratibu, jogoo akiwa bado mapajani mwangu. Nililia sana. Nilipomaliza nikasikia njaa, kama mtu aliyetoka kulima, wakanichukua kwenda kula.

Tangu hapo nina nafasi yangu kwenye benchi lao. Sasa nikiomba najua kuna anayenisikia. Mama bado namkumbuka kila siku, lakini naamini yuko mikononi mwa Mungu, na nalala vizuri.

Mwezi ujao napata kipaimara. Hapa mzazi husimama nyuma ya mtoto wake na kumwekea mkono begani. Mama Neema amesema yuko tayari kusimama. Nilimshukuru, nikamwomba asubiri kwanza, kwa sababu ninaye baba.

Najua hujaingia kanisani tangu mazishi, na kwamba Jumapili unashinda shambani. Sikulaumu. Hutahitaji kuimba wala kusema neno. Hata lile koti lako la kulimia litatosha.

Msalimie Bibi anayekupikia, na mdogo wangu Elia. Mwambie ng'ombe si sababu ya kuchelewa shule. Shangazi mwenye duka naye mwambie sweta lake limenifaa sana kwenye ukungu wa huku. Jibu lako mpe dereva wa basi la alfajiri, nitamngoja stendi.

Mwanao anayekupenda, Rehema, mwenye swali moja tu: Baba, utakuja?