Zuhura Alipobaki Peke Yake

Mama Zuhura,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na leo afadhali iwe hivyo, maana sijui ningekutazama vipi usoni.

Tangu tukuzike, Kariakoo imejaa vitu vipya. Hospitali za watu binafsi zimeruhusiwa tena, nami niliacha wodi ya wazazi tuliyofanyia kazi pamoja, nikaajiriwa kwenye mojawapo, hapa Msimbazi. Tuna mashuka meupe, feni, na televisheni pale mapokezi. Hiyo televisheni ndiyo iliyoniponza. Hapana, nisiisingizie. Ni mimi.

Mwanao Zuhura alikuja kujifungua kwetu. Alisema hataki mkunga mwingine, kwa kuwa mimi nilifundishwa na wewe. Asubuhi nilimtembeza, nikamsugua kiuno kama ulivyonionyesha, na uchungu ukawa unakwenda vizuri. Saa nane mchana akanishika mkono. "Da Hadija, usiniache." Nikamwambia narudi sasa hivi. Nikaenda mapokezi kutazama mchezo kwenye televisheni. Nilikaa mpaka ukaisha, halafu nikakaa tena kuupigia soga.

Niliporudi nilimkuta amelala chali, anatetemeka kwa hofu, hata wa kumpa maji hakumpata. Uchungu ulikuwa umepungua. Daktari akaniuliza kama nilikuwa naye muda wote, nikimtembeza na kumtuliza. Nikasema ndiyo. Jioni wakampasua.

Wote wazima, yeye na mtoto wa kike. Wewe pia uliwapeleka wengi kupasuliwa ilipobidi, na huenda Zuhura naye ingembidi. Sitajua kamwe. Nakumbuka ulivyokuwa ukivuta kigoda kando ya kitanda cha mzazi, mimi nikinung'unika kwamba tunapoteza muda. "Kaa, mwanangu. Kukaa nako ni kazi." Nilikuwa nakucheka pembeni, mama. Nisamehe.

Siku ya saba, Zuhura katoka tu hospitali, wakanialika kwenye kumpa mtoto jina. Nilijua litakuwa lako. Zuhura akasimama mbele ya ndugu zako wote, mkono kwenye mshono, akawaambia bila mimi, yeye na mtoto wangekufa. Kisha akampa mtoto jina langu. Watu wakanipigia vigelegele, nami nikala pilau.

Kesho nakwenda kwake Buguruni kumwambia ukweli wote, hata akinifukuza. Na mzazi mwingine akinishika mkono, sitauachia. Hiyo ni ahadi yangu kwako.

Pumzika, mama. Nitamwomba Zuhura mtoto aitwe jina lako.

Hadija