Dada Yangu Yumo Kwenye Foleni ya Wateja

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana hapa nilipo sindano haishikiki. Mimi ni fundi cherehani, nina duka la chumba kimoja, mashine tatu na wasaidizi wawili, na kazi nyingi huingia kwa simu, sasa nilikuwa na ukurasa wa duka, ukurasa wangu mwenyewe, kundi la ukoo, kundi la mafundi na kundi la wazazi wa shule, kila kimoja kinalia kivyake, mpaka siku moja nikaunguza sketi ya mtu kwa pasi huku najibu salamu. Ndipo mteja mmoja akanionyesha programu inayokusanya kurasa zote na meseji zote mahali pamoja, unawapanga watu kwa mafungu, unaandika jibu mara moja nayo inajibu yenyewe, nami nikapanga mafungu mawili, Wateja na Ndugu, Wateja nikawawekea jibu la heshima, Ndugu nikawanyamazisha ili niwasome Jumapili, na kusema kweli Jumapili nalala.

Dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama alipofariki na ndiye aliyenifundisha cherehani, aliniagiza mapazia mwaka jana kupitia ukurasa wa duka, akaangukia fungu la Wateja, nami nikamwacha hukohuko nikijiambia angalau huko anapata jibu. Wiki iliyopita akaniandikia kwamba amekutwa na uvimbe kwapani, anapasuliwa Alhamisi ijayo, anaogopa, anaomba niende nikae naye, na programu ikamjibu papo hapo: "Mpendwa mteja, ombi lako limetufikia. Tafadhali subiri zamu yako." Mimi niliyaona hayo baada ya siku tatu, na chini yake dada ameandika, "Sawa, mdogo wangu. Nitasubiri."

Tangu hapo sijampigia kwa aibu, kaka yetu ameshajua na ukoo mzima unanisema, na hapa dukani nina magauni sita ya harusi ya Jumamosi. Naomba uniandikie ujumbe mzuri wa kuomba radhi, usiwe mrefu, ambao naweza kuutuma kwa dada na kwa ukoo wote kwa pamoja, na kama unajua programu nyingine isiyochanganya watu naomba jina lake.

Fundi Niliyekwama

*

Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama maana kukaa kulinishinda. Kwanza tumalize langu. Imenifikia na mkia ambao hukuukata: "Imetumwa kwa: Washauri (4)." Kumbe na mimi nina fungu langu! Ahsante kwa kunikumbuka. Hao wenzangu watatu wakikujibu kwa upole, upokee upole wao, mimi wangu umeniishia.

Pole kwa makelele ya simu, hayo nayajua, yangu naifungia kabatini nikiwa napika. Na kukusanya kurasa pamoja si kosa, watu wa mapazia wapange utakavyo. Lakini usiisingizie programu, mwanangu. Haikumchanganya mtu. Ulimkuta dada yako katikati ya wateja ukamwacha, kwa sababu ulijua vizuri kwamba kwenye fungu la ndugu hajibiwi mtu. Umeyaandika mwenyewe na hukuona haya. Yaani anayeleta suruali ipunguzwe kiuno ana heshima dukani kwako kuliko aliyekufulia nepi. Halafu unataka radhi fupi ya kugawa ukoo mzima kama kadi za mwaliko. Siandiki.

Na hiyo aibu yako acha kuibembeleza. Ungekuwa na aibu ungekuwa njiani saa hizi. Dada yako ameogopa kwa wiki nzima, peke yake, akiamini kwamba kuna watu mbele yake kwenye foleni, na aliamini kwa sababu wewe ndiye uliyemwambia. Hilo limenichoma, sikufichi.

Sasa nisikilize. Gazeti hili linatoka Jumanne. Ukimaliza kusoma, magauni wakabidhi wasaidizi wako, na kama hawajui kupinda pindo bila wewe kuwasimamia, mwambie bibi harusi ukweli, atanuna na ataolewa vilevile. Simu izime, iache dukani. Chukua utepe wa kupimia, chaki na kitambaa laini cha pamba, uende kwa dada yako leo, si kesho. Usiende na hotuba. Mtu aliyepasuliwa kwapani hainui mkono, nguo ya kupitishia kichwani haivai, atataka gauni la kufungua mbele, vifungo vikubwa, mkono mpana. Hayo unayajua kuliko mimi, na mkono uliokufundisha kushona ndio utakaokuwa umefungwa bendeji. Mshonee pale pale kwa sindano ya mkono, ukiwa umekaa kando ya kitanda chake, na Alhamisi wakimwingiza ndani wewe uwe mlangoni.

Akikuuliza kama zamu yake imefika, mpime bega, mpime kifua, mpime mkono, taratibu. Maana kwenye hiyo simu yako vipimo vyake huna. Ulivyo navyo ni vya madirisha yake.

Shangazi Bila Sukari