Nyumba ya Kilo Mbili

Jumanne, 4 Juni

Nimelipima hema. Kilo kumi na moja na robo — bila vigingi! Nililishona mwenyewe kwa turubai la lori, miaka kumi na minne iliyopita, na miaka yote hiyo shemeji ndiye analibeba mgongoni hadi bwawani, kuwinda bata mwitu. Siku mbili za kupanda kwa miguu. Mimi hubeba chakula na sufuria, yeye hubeba nyumba. Ndivyo tulivyogawana tangu mwanzo.

Kwa nini nimepima leo? Mke wangu ameshindwa kukaa na siri. Wiki iliyopita alimsindikiza kaka yake, huyo huyo shemeji, hospitali. Moyo. Daktari amesema kutembea ruksa, tena kutamsaidia, ila mzigo usizidi kilo tano. Mwashi! Mtu aliyekuwa akipandisha mfuko wa saruji hadi ghorofa ya tatu huku anapiga mluzi. Alimwapisha dada yake asimwambie mtu, hasa mimi.

Safari ni tarehe 22.

Alhamisi, 6 Juni

Namjua shemeji. Jirani yake alipoacha kupanda mlima, shemeji alisema: siku nikishindwa kubeba hema, nabaki nyumbani nichunge kuku. Na atabaki kweli. Akibaki mara moja hatatoka tena, atakaa kwenye kiti pale mlangoni akihesabu magari. Naogopa hilo. Sina mwenzangu mwingine.

Basi, hesabu. Bunduki yake kilo tatu. Zinabaki mbili. Natafuta nyumba ya watu wawili ya kilo mbili, aibebe yeye kama kawaida, na asijue kwa nini imepungua.

Jumamosi, 8 Juni

Duka la vifaa vya kambi. Muuzaji ni binti wa miwani mikubwa, mvumilivu kupita kiasi. Kaniruhusu nilale ndani ya mahema yake na viatu vyangu.

La kwanza lina tabaka mbili, nguzo za kupinda, kavu, zuri sana — kilo tatu. Hapana. La pili tabaka moja, kilo moja na nusu, lakini limefungwa kila upande. Pumzi zetu zitapanda, zigonge kitambaa, zirudi matone. Na shemeji anavyokoroma, itanyesha ndani kabla ya nje! Halafu rangi ya chungwa. Bata wangetuona tungali barabarani. La tatu kilo moja tu. La mtu mmoja.

Binti akauliza: mko wawili au uko peke yako?

Swali la kawaida kabisa. Nililirudisha kwanza lile la mtu mmoja kwenye rafu. Nikasema wawili.

Jumatatu, 10 Juni

Nitalishona mwenyewe. Paa tu, bila sakafu, ncha mbili wazi upepo upite, linasimama juu ya fimbo zetu mbili za kutembelea. Nailoni nyembamba ya kijani iliyokolea, iliyopakwa dawa ya kuzuia maji.

Miaka thelathini nashona maturubai ya malori na kuwaambia wateja kitambaa chepesi ni cha mapazia. Leo nimekunja mita nane za nailoni zikaingia kwenye kofia. Nimefunga mlango wa karakana ili madereva wasinione.

Jumatano, 12 Juni

Nimeharibu! Sindano ya turubai imeacha matundu mshono mzima. Mke wangu ameliinua kwenye mwanga. Umeshona chujio, kasema.

Nimekwenda kwa fundi nguo jirani kuazima sindano ya mashati. Kafurahi mno. Kaniuliza kama nahitaji na vifungo.

Ijumaa, 14 Juni

Shemeji alipita jioni. Anasema kazi za ujenzi zimepungua, ndiyo maana yuko nyumbani. Sikumuuliza zaidi.

Uongo wangu nilikuwa nimeuandaa. Nikamwambia goti linanisumbua, nataka mwaka huu tupunguze mizigo yote, tuanze na hema. Akalichukua lile jipya, akalipima kiganjani.

"Shem, hii si nyumba. Hii ni leso."

Tukacheka. Halafu akaacha kucheka, akalitazama goti langu. "Pole, ndugu yangu. Mbona hukusema mapema?"

Aibu ilinishika. Lakini amekubali! Atalibeba. Hata hakubisha.

Jumapili, 16 Juni

Majaribio uani. Pamoja na kamba na vigingi: kilo moja na gramu mia sita. Nimepima mara tatu kwa mizani ya jikoni.

Mimi na shemeji tukalala ndani, bega kwa bega, mke wangu akatumwagia maji kwa mpira. Kazi hiyo aliipenda, hakutaka kuacha. Linavuja sehemu moja tu, kwenye mshono wa juu — gundi itatosha. Kitambaa kinatikisika upepo ukipiga, kelele kidogo, ila kamba zikikazwa kinatulia. Shemeji akasema hapa anaona nje pande mbili, lile la zamani lilikuwa kama kulala ndani ya lori. Nimeumia na nimefurahi.

Wakati wa kutoka alikaa kwanza. Akakaa tena. Akasema anakagua fundo. Na mimi nikakagua fundo.

Alhamisi, 20 Juni

Gundi imekauka. Hakuna hata tone.

Mezani mke wangu kauliza nilimwambia nini kaka yake hadi akakubali. Goti, nikasema. Akaweka kijiko chini.

"Kwa hiyo yeye anajua mgonjwa ni wewe?"

Ndiyo.

"Na mwenye goti bovu, mzigo wake hubebwa na nani?"

Njia ya mwongo ni fupi, nilifundishwa tangu utotoni, lakini fupi hivi! Nimeshona siku kumi nimpunguzie kilo tisa, na kwa mdomo wangu mwenyewe nimempa sababu ya kubeba ishirini. Nikimwambia ukweli, atajua dada yake kasema, na hatakwenda. Nisipomwambia, atakwenda.

Mke wangu anasema fanya unavyojua. Macho yake hayasemi hivyo.

Jumamosi, 22 Juni

Saa tano asubuhi. Tumekaa kwenye mawe, mwanzo wa mwinuko mkali. Naandika ili nionekane nina shughuli.

Ilikuwa vilevile kama alivyosema mke wangu. Tuliposhushwa mwisho wa barabara niliingia kichakani kujisaidia. Kurudi, begi langu jepesi! Sufuria, unga, maji, vyote kavitia kwenye lake. Nikalivuta. Akalivuta. Mimi na yeye, wazee wazima, tunagombania begi njiani. "Shem, na goti hilo? Dada yangu ataniua." Akatangulia.

Nilipaswa kusema pale pale. Sikusema. Nimemfuata saa nzima nikitazama shingo yake, na kila hatua nikasema kona ile nitamwambia. Kona zimepita nyingi.

Hapa ndipo aliposimama. "Tupumzike. Goti lako." Kakaa kabla sijajibu. Shati limelowa hadi mkanda na kiganja kiko kifuani, chini ya mshipi wa begi. Naogopa, naandika wazi: naogopa.

Nimemwambia linauma sana. Siwezi kupanda. Tusimamishe hema hapa hapa, bwawani tutafika hata keshokutwa, au tusifike. Jua kali namna hii, hakuna hata wingu! Nikalishika goti nikalisugua ili aamini.

Anavuta pumzi tu, ananitazama mkono.

"Ijumaa ile," anasema polepole, "lilikuwa la kulia."

Nimeutazama mkono wangu. Upo kwenye la kushoto.

Hacheki. Hakasiriki pia. Anafungua begi lake. Anatoa hema, analiweka mapajani. Anatoa sufuria. Unga. Maji. Anavipanga chini katikati yetu, kimoja kimoja, na hasemi nani atabeba kipi.