Kiti cha Nyuma cha Gari la Mgiriki

Mgeta,
Julai 1992

Kaka yangu mpendwa Castory,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo kaka. Je, kifua kimepona? Huo upepo wa bandarini ukikuingia hautoki kwa dawa ya kupaka peke yake. Wifi hajambo? Wanangu wanasoma? Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Baridi imekaza, kabichi zimefunga vizuri, nami sina homa wala maumivu, ila usingizi umenikimbia. Sababu yake ndiyo barua hii.

Kaka, gari limeuzwa. Lile refu la kijani, lenye turubai la kukunja badala ya paa. Wewe ulikwenda Dar likiwa bado la Mgiriki, kwa hiyo mengine hukuyaona. Baba alikuwa akisimulia kwamba lililetwa kwa meli na Mjerumani mwenye mkonge kule Ngerengere. Vita ya Hitla ilipoanza Waingereza wakamfunga Mjerumani, gari likapigwa mnada, Mgiriki akalichukua na Baba akawa dereva wake. Likaja Azimio, shamba likawa la serikali. Mgiriki akampa Baba funguo, akalia, akaondoka. Basi gari la mabwana likapanda mlimani kubeba viazi.

Tena si viazi tu. Huku lilikuwa gari pekee ambamo jeneza liliingia bila kuinamishwa, kwa kuwa juu ni wazi. Aliyefia hospitali ya mjini alirudi nalo, Baba akiendesha polepole kutoka Mzumbe, sisi tukiimba. Mwanangu Upendo naye, surua ilipomchukua, alirudi hivyo. Sanduku lake lilikuwa dogo, likawekwa kiti cha nyuma kushoto, nikalishika kama nilivyokuwa nikimshika akisinzia. Mwisho Baba mwenyewe akapakiwa, usukani ameshika mtu mwingine. Baada ya hapo petroli ikawa shida, gari likalala bandani.

Hili sijamwambia mtu. Jioni nilikuwa nakwenda kusali rozari kwenye kiti kile. Nikifika tendo la tatu, magoti yangu yanakuwa mazito, yana joto. Sikuogopa. Nilisali kimoyomoyo nisimwamshe.

Unajua tulipoondoa tanga Stephano wa shangazi alirithi jina la Baba, Mikaeli, na gari likawa lake, maana mali hufuata ukoo wa mama. Namwita Baba, mimi niliyembeba mgongoni! Sasa siku hizi za ruksa anataka pikapu ya mtumba apeleke kabichi Kariakoo. Akaja na dalali wa Dar, Salehe, anayewatafutia Wazungu magari ya zamani. Nilipomsihi asiliuze alicheka, akasema, “Mwanangu, marehemu hawalipi nauli.”

Siku ya kulipakia kwenye lori, vijana walilisukuma juu ya mbao, likagoma. Gari tupu, kaka, lakini springi zimelala kama limejaza magunia. Bibi Eufrazia, yule jirani yetu mkunga, akapaza sauti kwamba litakwendaje na watu hawajaambiwa washuke. Hapo Stephano hakucheka tena. Wakanisukuma mbele mimi, binti wa dereva. Nikafungua milango, nikawaita kwa majina, mmoja mmoja, nikiwaambia tumefika, shukeni. Niliposema, “Mikaeli, shuka,” Stephano akaitika kwa mazoea, “Nimeshashuka!” Watu wakaangua kicheko, hata Salehe. Kisha wakasukuma tena, gari likapanda jepesi kama toroli.

Jepesi, lakini limeinama. Kona ya nyuma kushoto haikunyanyuka, na ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini. Upendo sikumwita. Jina lilifika mdomoni nikalimeza. Nilijiambia, nitamfukuzaje mtoto mahali pekee ninapompata? Sikufikiri kwamba mahali penyewe panaondoka. Lori lilipokata kona ndipo nilipopiga yowe, nao wakadhani nalilia gari.

Nimemweleza Padre. Amesema mtoto yuko kwa Mungu na hana haja ya gari, nami naamini. Lakini jioni nakwenda bandani, nakaa kwenye gogo, nafika tendo la tatu, nalipita, na magoti yangu ni mepesi.

Stephano anasema gari liko kwenye yadi huko Kurasini, linangoja meli. Wewe uko karibu, kaka. Nenda kabla halijapakiwa. Fungua mlango wa nyuma kushoto, umwite kwa sauti ya chini, maana hakujui. Mwambie ni Mjomba, umetumwa na mama yake. Halafu mlete. Njooni kwa treni, honi za mabasi zilikuwa zikimtisha. Kata tiketi moja tu, atakaa magotini pako. Akifika nitampeleka mwenyewe kaburini kwake, nimwambie alale, na safari hii nitamwachia.

Wifi na watoto wape salamu zangu. Bibi Eufrazia naye anakusalimu, anauliza kama bado unaogopa mbuzi. Nakuomba unijibu upesi.

Mdogo wako,
Kristina