Spana Nyuma ya Mizani

Jumanne, 2 Septemba 2025
Mbuzi sita wamefika bucha salama. Mimi pia, alhamdulillahi. Karibu na Kiritiri breki ilianza kugonga mteremkoni — kong, kong! Njiru, anayeniuzia mbuzi, akatoa gurudumu. Bolti ya breki imelegea, unaizungusha kwa vidole! Akauliza ni fundi gani mjinga aliyefunga hii. Nikasema ni mimi. Ulimi ulitangulia.

Ni Riungu, fundi wangu. Alifunga Ijumaa.

Jumatano, 3 Septemba
Miaka kumi na tisa Riungu ananitengenezea gari. Nilipolazwa hospitali ya Nkubu, aliendesha pikapu mwenyewe kuleta mbuzi ili bucha isifungwe. Sasa mkono wake wa kulia unatetemeka. Juzi chai ilimwagika hadi kwenye kiatu. Akakipangusa haraka, nami nikajifanya sikuona.

Amira anasema nitafute fundi mwingine, gari hili hubeba na mtoto wetu, Shamima. Mke wangu ana haki. Lakini mji huu! Nikionekana kwa fundi mwingine, wiki haiishi kila mtu anauliza kwa nini. Riungu atakula nini?

Nimeamua. Nitanunua spana zangu. Atafunga yeye, akiondoka nikaze mimi. Hatajua.

Alhamisi, 4 Septemba
Kwa Virginia, duka la vyuma karibu na soko la Gakoromone. Kuna boksi la spana la vipande mia moja na nane, linang'aa kama sufuria za harusi! Nikagonga spana moja na kusikiliza mlio, kama ninavyochagua kisu. Virginia alicheka mpaka akaketi.

"Mzee Rahim, hii si kisu! Gari ni Toyota? Basi utatumia kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na saba. Hizo zingine ni za kuonyesha wageni."

Akanionyesha soketi, kikombe cha chuma kinachovikwa nati. Yenye pembe sita hushika nati vizuri. Na mpini uuzungushe polepole, meno ya ndani yakiruka, usiununue. Ule wa boksi kubwa uliruka mara mbili. Si kila king'aacho ni dhahabu — nami nilikuwa nimeshaingiza mkono mfukoni! Nikachukua boksi dogo, zito, lisilo na sura. Pia stendi mbili za kuegemeza gari, maana Virginia ameniapisha nisiamini jeki peke yake.

Boksi nimelificha nyuma ya mizani.

Jumatatu, 8 Septemba
Riungu ameweka pedi mpya za breki. Alipoondoka tu, nikatoa magurudumu. Bolti tatu sawa. Ya nne ilizunguka. Nikazikaza zote nne, kwa nguvu zangu zote. Moyo ukatulia. Lakini nilijiona mwizi uani kwangu mwenyewe.

Jumanne, 9 Septemba
Mbaka, mteja wangu, amerudisha nyama, eti nimemuuzia mifupa. Nikatazama tu ilivyokatwa. Si mkono wangu! Alinunua kwingine. Hata ukiniamsha usingizini, mkono wangu naujua. Akaondoka ameinamisha kichwa.

Jumamosi, 13 Septemba
Naandika nimesimama jikoni. Chai haijachemka.

Riungu yuko uani. Amekuja kukagua zile breki, kwa sababu kesho nawapeleka Amira na Shamima Embu. Alipoweka spana kwenye bolti ya kwanza, ilikuwa imekazwa mno, akasita. Akajaribu ya pili. Kisha akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma:

"Rahim, hii si mkono yangu."

Mimi! Mimi ninayejua nyama imekatwa na nani!

 Hakuuliza ni nani. Alifungua bolti zote nne, akazifunga upya, taratibu, akishikilia mkono wa kulia kwa wa kushoto. Akapangusa vidole, akaketi kwenye debe.

"Leta hizo spana zako. Usingoje mpaka niende. Kaza nikiona, halafu uniambie ukweli."

Nikasema nilete chai kwanza. Woga mtupu.

Boksi liko mezani, karibu na sukari. Soketi namba kumi na nne ninayo mkononi. Bolti ikizunguka nitamwambia nini? Na nikidanganya, kesho nimemweka nani ndani ya gari?

Nampenda huyu mzee. Sijawahi kumwambia.

Chai inapanda. Ananiita kutoka nje.

"Rahim! Kikombe yangu usijaze. Nusu tu."