Nimwonyeshe Hénoc Kilima cha Pili?

Mpendwa Mama Henriette,

Naomba unisaidie kabla mvua haijaanza, maana ikishaanza nadhani nitakuwa nimechelewa, na hapa nyumbani sina mtu wa kumwuliza, mama akisikia neno kilima analia tu, na mchungaji wetu ananiambia niombe, nami nimeomba mpaka magoti yamechoka.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, nakaa Shituru, hapa Likasi, katika nyumba ya kampuni ya machimbo ambayo babu alipewa alipoletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi, na kazi imeondoka, babu ameondoka, sisi tumebaki na kuta na vumbi. Nilimaliza shule nikakaa nyumbani nikiuza makala, makaa ya kupikia, kwa mafungu, halafu mwaka jana ukaja mradi wa kuhifadhi mazingira, wakatafuta vijana wa kujitolea, wakasema mtafanya kazi ya jamii, mtajifunza ufundi, mwisho mtapata cheti na cheti kitawafungulia mlango wa kazi. Tulipewa sare ya kijani na buti, na nitasema ukweli, Mama, sijawahi kuwa na furaha kama ile. Tulijifunza kutengeneza kitalu, kuunganisha miche ya avoka na ya maembe, kuchimba mitaro ya kugeuza maji ya mvua yasile mlima, kusoma udongo kwa macho na kwa vidole. Nikipita mtaani na buti zangu watoto waliniita "chef", yaani mkubwa, na mama akaanza kunipakulia mboga kwanza, kama vile mimi ndiye mwanaume wa nyumba.

Sasa nisikilize vizuri kwenye jambo la maua. Wewe mwenyewe unayajua yale madogo ya zambarau yanayoota pale ambapo miti inakataa kuota, yale tunayoita ua la shaba kwa sababu yanapenda udongo wenye shaba. Mwalimu wetu, Bwana Isidore, alitueleza kwamba ni machache sana duniani na kwamba machimbo yanayamaliza, kwa hiyo kazi yetu kubwa ya mwisho ikawa kuyalinda. Tulipanda kilima kimoja mwezi wa nne yakiwa yamechanua, tukayazungushia vigingi, na ili mtu asiyakanyage kwa bahati mbaya tukavipaka vile vigingi rangi nyeupe, mimi na mwenzangu Cyrille ndio tuliopaka, siku nzima tulikuwa tunaimba. Mama, fikiria akili hiyo, sisi watoto wa Likasi, tumekulia juu ya shaba, tunaweka alama nyeupe palipo na shaba, na tunarudi nyuma kuhakikisha inaonekana vizuri kutoka barabarani.

Mradi ukaisha mwezi wa sita, tukapewa vyeti, tukapigwa picha, magari yakarudi Lubumbashi, na kazi hakuna. Nilizunguka na cheti changu mpaka kikaanza kuchanika kwenye mikunjo. Kwenye kiwanda kimoja cha shaba mlinzi wa getini alikisoma chote, akacheka bila ubaya, akasema, "Mama, huku banatafutaka bantu ya kuyeyusha, haiko ya kupanda."

Mwezi wa saba wachimbaji wakafika kilimani, wala hawakuhangaika kutafuta, walichimba ndani ya vigingi vyetu, moja kwa moja, na baadaye na Cyrille akaenda, kwa sababu mke wake alikuwa amejifungua na cheti hakiwezi kununua maziwa. Mwezi uliopita ukingo wa shimo ulimwangukia. Kwenye kilio cha msiba wake mama yake alinishika mkono mbele ya watu wote, hakunitukana, aliniuliza tu, "Mutoto yangu, ile miti nyeupe, ni weye ulipakaka na Cyrille?" Nikasema ndiyo. Akaniachia mkono.

Hilo limeshatokea, sikuandikii kwa ajili ya hilo, nakuandikia kwa ajili ya mdogo wangu Hénoc. Ana miaka kumi na tisa, siku ile alikuwa kwenye shimo la jirani, yeye ndiye aliyemvuta Cyrille miguu. Sasa kilima kimefungwa, wamewekwa walinzi wenye silaha, na Hénoc amekaa nyumbani anaangalia ukuta. Lakini anajua kwamba kipo kilima cha pili, niliwahi kumtajia bila kumwambia kiko wapi. Ni kidogo, kimejificha katikati ya miti, tulikiona siku za mwisho za mradi na hatukuwahi kukiwekea vigingi, wanaokijua ni mimi na mwenzangu Jenny, na Cyrille ambaye hayupo. Maua yameshakauka msimu huu, mtu mwingine akipita pale ataona nyasi tu. Juzi akanijia nikiwa napepeta mahindi, akaniita yaya, yaani dada mkubwa, akataka nimwonyeshe mahali penyewe.

"Yaya, onesha minye ile fasi. Weye njo unajua."

"Hapana."

"Basi nitaenda kuchimba Shinkolobwe na ba Dodo, barafiki yangu. Kule bantu banaingia."

"Hénoc, mawe ya kule ni uranium, iko inaua. Hata kama shimo haianguke, iko inaua mu mwili, pole-pole."

"Na njala, yo iko inaua pole-pole ao mbio?"

Mama alikuwa mlangoni anasikia yote, akaweka bukari mezani, ugali mtupu bila mboga, akasema bila kuniangalia, "Kama unajua fasi ya muzuri, onesha ndugu yako. Maua haiko mutoto."

Ndiyo hali yangu, Mama Henriette. Nikimwonyesha, nitakuwa nimeangamiza kwa mkono wangu kitu cha mwisho nilichofundishwa kukilinda, na pengine na yeye nitamfukia humo kama Cyrille. Nisipomwonyesha anakwenda Shinkolobwe, na akirudi mgonjwa au asiporudi, watu watasema dada yake alipenda majani kuliko damu yake, na watakuwa na haki. Najiambia mteremko wa kilima kile ni mdogo, pengine hakitaanguka, halafu naona miguu ya Cyrille. Usidhani nakutungia hadithi, kilima chenyewe kiko (hapa nimekata mistari miwili, sababu mtaisoma chini. Mama H.) kwa hiyo unaona kwamba nasema kweli. Ufundi wote niliojifunza umekuwa na faida moja tu, ya kuwaonyesha watu mahali pa kufia. Hénoc amenipa mpaka Jumapili. Niambie nifanye nini, maana mimi nimefika mwisho.

Mimi Niliyepaka Rangi, Shituru

*

Mama Henriette anajibu:

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nilikasirika, kwa hiyo leo utanivumilia.

Tuanze na Cyrille, hata kama unasema hukuandika kwa ajili yake. Hukumwua. Alikuwa baba wa mtoto, aliingia shimoni kwa miguu yake akijua shimo ni nini. Lakini sitakuosha ukatakata kabisa, maana hutaniamini. Vigingi vyeupe! Mradi mzima, na walimu, na magari, na mafuta ya magari, na hakuna hata mmoja aliyesimama kumwuliza mama anayeuza mboga za lenga-lenga pale Shituru: tukiweka alama juu ya shaba, kitatokea nini? Angewajibu kabla hajamaliza kufunga fungu lake. Kosa hilo ni lenu wote, waliosoma na wasiosoma, na wewe umelibeba peke yako kwa sababu wenzako wamepanda gari wakaondoka. Weka chini sehemu yao. Sehemu yako wewe, ipeleke kwa mama yake Cyrille. Usiende na hotuba. Nenda kamchotee maji, kafue nguo za mtoto, kaa naye hata kama hasemi neno. Alikuachia mkono, hakukufukuza.

Sasa huyu Hénoc wako. Namwonea huruma, mtoto wa miaka kumi na tisa aliyevuta miguu ya rafiki yake kutoka ardhini. Nani amezungumza naye juu ya siku ile? Wewe umelia, mama amelia, yeye anaangalia ukuta, na nyote mnadhani anafikiria pesa. Lakini huruma yangu inaishia hapo alipokupa mpaka Jumapili. Amekuwekea makaburi mawili mbele yako akasema, yaya, nichagulie. Usichague! Hakuna dada aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Na mama yako, mwambie kwa heshima, kwa magoti kama mlivyozoea, lakini mwambie: kweli maua si mtoto, ila unaniomba nimpeleke mtoto kwenye shimo kama lile lililomla mtoto wa mwenzako.

Na hilo la mteremko kuwa mdogo, niache nicheke kidogo ingawa sina furaha. Wewe umefundishwa udongo. Unajua vizuri kwamba mteremko ukiwa mdogo watachimba kwenda chini badala ya kwenda pembeni, na maji ya mvua ya kwanza yatakaa humo humo. Ulijua ulipokuwa unaandika. Na usijidanganye kwamba utamwonyesha Hénoc peke yake. Atamwambia Dodo, Dodo atamwambia shemeji yake, na Jumatatu kutakuwa na akina mama wanauza maandazi juu ya kilima chako. Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Usimwonyeshe, hata akilia, hata akikununia, hata mama akiacha kukupakulia.

Unaniuliza basi mtakula nini. Hapo ndipo nilipokasirika zaidi. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba unajua kuchimba mtaro wa kugeuza maji, halafu mwisho wa barua unasema ufundi wako ni wa kuonyesha watu pa kufia. Umewahi kutembea Likasi mvua ikianza? Nyua zinaondoka na maji, vyoo vinabomoka, kuta zinabaki zinaning'inia juu ya makorongo. Mvua bado haijaja. Kesho asubuhi vaa zile buti, mchukue Jenny, piteni nyumba zilizo kwenye miteremko, mwulize mwenye nyumba kama anataka mtaro. Usimwonyeshe cheti, mwonyeshe maji yatapita wapi. Na huyo Hénoc mwenye mikono ya kuchimba, mwambie kuna kuchimba, kwenda chini mpaka magotini tu, juani, watu wakimwona. Na miche ya kitalu chenu mliyoiacha tangu mwezi wa sita, nenda kaiangalie. Mingi itakuwa imekufa. Iliyobaki imwagilie.

Sitakudanganya kwamba mitaro itawashibisha. Wengine watakuambia urudi wiki ijayo, wengine watakulipa kwa unga, na mvua zikikolea kazi hiyo itapungua. Wala sikuahidi kwamba Hénoc atakubali. Pengine Jumapili ataamka aende Shinkolobwe, na wewe hutakuwa na kamba ya kumfungia. Akienda, usimlaani na usimfiche ukweli. Mwambie asilale juu ya yale mawe, asiyalete nyumbani, nguo za kule asizivae ndani ya nyumba, na mlango wako uwe wazi siku yoyote atakayorudi. Ni kidogo sana, najua. Ningekuwa na kikubwa ningekupa.

Nimebakiza jambo moja, na hapa naomba usikilize kuliko pote. Mwanangu, umeniandikia jina la kilima! Umeandika na njia ya kufika, na mti wa kugeukia! Kwenye barua inayokwenda kwenye gazeti linalosomwa kutoka hapa mpaka Kambove, na watu wanakaa sita juu ya nakala moja. Umepaka tena rangi nyeupe. Najua kwa nini, ulitaka mtu mmoja akuamini, na Cyrille naye alitaka watu wayaone maua. Nakuamini. Mistari ile miwili niliikata kwa wembe kabla karatasi haijatoka mkononi mwangu, nikaitia kwenye moto wa mbabula chini ya sufuria ya maharage. Sasa tunakijua watatu, wewe, Jenny na mimi, na mimi ni mzee, nitasahau.

Au niseme ukweli, sitasahau. Mwanangu wa mwisho, Stéphane, naye ni mchimbaji. Aliikuta barua yako mezani, akainyanyua, akaona mwanga unapita katikati. "Mama," akaniuliza, "juu ya nini karatasi iko na tundu?" Nikamwambia ni panya. Akajua ninadanganya, akabeba sepetu lake akatoka. Mpaka naandika haya hajarudi, na wembe bado uko hapa karibu na kalamu. Kwa hiyo Jumapili Hénoc akikuuliza, ukaona huwezi, kumbuka kwamba huku nako yupo mama anayemkatalia mwanawe.