Kibao cha Watu Kumi

Baba yangu mpendwa,

Fundi Alfonsi bado yuko ndani. Leo ni siku ya kumi na tatu. Naanza na yeye kwa sababu najua wewe ungeanza na yeye. Ungesema waliokufa wamekwisha kufa, tuambieni habari za aliye hai. Amefungwa kwa ajili ya mashua yako. Hoja ya wapelelezi ni fupi: kibao cha ubavuni kinasema watu kumi, siku ile mlikuwa kumi, na mashua imezama. Basi kosa ni la seremala wa Gisozi aliyebadilisha mbao.

Mimi na wewe tunajua kwamba mashua ile haikuundwa kubeba watu kumi.

Uliipenda kuliko ulivyotupenda sisi, usibishe. Uliinunua Bukoba ukiwa kijana, kwa mzee mmoja aliyeunda vyombo kwa kamba yenye mafundo na kwa jicho lake, bila karatasi hata moja. Tuliporudi Rwanda uliipakia kwenye lori, na kitanda cha mama kikabaki Bukoba kwa kukosa nafasi. Mama alikusema kwa kitanda kile miaka yote. Uliishusha Ziwa Muhazi, ukaanza kuvusha watu, na sisi tukawa tunakuja kutoka mjini kila Jumamosi kukutazama.

Hukuwa na desturi ya kuhesabu vichwa. Ulisimama majini hadi magotini, ukatazama ubao wa tatu kutoka juu. Maji yakiugusa ulisema, "Imetosha," na aliyepanda mwisho alishuka, awe padri, awe bibi arusi. Mara nyingi ilikuwa watu saba. Wakiwa wanene, sita.

Siku ya kuposwa kwa shangazi nilikuwa na miaka tisa na gauni jipya la njano, na nilipanda mwisho. Ukatazama maji. "Shuka, mama," ukaniambia. "Nitakurudia." Ulinishusha mbele ya wageni wote, mwanao wa kwanza, ukamwacha ndani mjomba na kreti zake za soda. Nililia mpaka ukarudi, kisha nikakupiga ngumi za mgongoni ziwa zima, nawe ukacheka tu. Nilikuchukia siku ile, baba. Sasa ningetoa chochote nishushwe tena.

Halafu nikakua, nikawa mtu wa ofisi. Nikapata kazi ya kukagua vyombo katika kampuni ya bima kule Kicukiro, ukatangaza kwa kila abiria kama vile nimekuwa waziri. Ulipoambiwa kwamba mashua ya kuvusha watu haiwezi tena kuingia majini bila bima, ulinijia ukiwa umevaa koti lako la kanisani. Hakuna aliyejua ofisini kwamba wewe ni baba yangu. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake, na kwenye karatasi mimi na wewe tulikuwa watu baki. Nikafurahia hilo. Nilikuita "mzee" na kukupa kiti kama mteja mwingine yeyote.

Nikakuuliza maswali ya fomu. Jina la kiwanda? Hakuna. Mwaka wa kuundwa? Hukuwa na hakika. Kibao cha usalama, kile kinachogongomelewa kuonyesha idadi ya watu na uzito? Ukanitazama kama mtu aliyeulizwa pembe za kuku.

"Inabeba watu wangapi, mzee?"

"Inategemea maji, mama. Na watu wenyewe."

Mwenzangu wa meza ya pili alicheka. Niliona aibu, naikiri hapa. Nikainama nikakunong'oneza kwamba vitabu vyetu havina mashua ya abiria ya chini ya watu kumi. Ukasema hiyo yako ni ya watu saba. Nikakujibu, "Andika kumi, baba. Ni karatasi tu. Wewe si unajua mwenyewe wa kushusha?"

Ukaenda Agakiriro, soko la mafundi la Gisozi. Alfonsi alibadilisha mbao mbili zilizooza na kuziba nyufa, na mchonga vibao wa jirani yake akakuchongea bati safi: WATU 10. Nilipokuja kukagua, lile bati lilikuwa linang'aa kuliko mashua nzima. Mashua ya miaka zaidi ya hamsini, kibao cha juzi! Mtu yeyote mwenye macho angecheka. Mimi niliandika "kibao kipo", nikatia sahihi, kisha tukala samaki.

Kibao kile tulikitengeneza kisomwe na kampuni. Hatukufikiri, si wewe wala mimi, kwamba abiria nao wanajua kusoma.

Walionusurika wamenisimulia. Ulikuwa umekwisha kupakia, ukatazama maji, ukasema imetosha na wawili washuke. Kijana mmoja akakuonyesha bati kwa kidole: "Muzee, hapa imeandikwa kumi. Sisi tuko tisa, na wewe kumi. Tugende." Wengine wakacheka, wakasema mzee anataka kuvuka mara mbili alipwe mara mbili. Miaka yote neno lako lilikuwa la mwisho pale ufukweni, kwa sababu hapakuwa na lingine. Sasa lilikuwapo lingine, limechongwa kwenye bati, na mimi ndiye niliyelileta. Jaketi za kujiokolea zilikuwamo, zote kumi, mpya. Walizikalia ili nguo walizovaa kwendea arusini zisilowe.

Katikati ya ziwa upepo mdogo tu ukatosha. Umekufa wewe, na Mama Shamimu, fundi cherehani wa Biryogo aliyekuwa akipeleka magauni ya arusi ng'ambo. Magauni yalipatikana kabla yake.

Juzi nilikwenda kumwona Alfonsi. Hakunilaumu, na hilo ndilo liliniumiza. "Dada, mimi nilibadirisha mbao mbiri tu," alisema. "Ile ubwato, ile mashua, ilikuwa iko nzima. Hata wewe uliiona." Ndiyo, niliiona. Nilimwambia mama kwamba nakwenda kusema ukweli. Mama aliweka chini sinia la mchele aliokuwa akiuchambua.

"Ukisema kibao ni cha uongo, baba yako anakuwa muuaji," alisema. "Na mtoto wa Mama Shamimu hatapata hata faranga ya bima. Umemfikiria huyo?"

"Na Alfonsi je, mama?"

"Alfonsi atatoka. Mwanasheria atamtoa."

Hakuna mwanasheria, baba. Alfonsi ana randa, misumeno na mke anayeshinda pale nje na chupa ya chai.

Jana niliandika maelezo yangu, kurasa nne. Nimesema kibao ni cha kubuni, nimesema nani alikitaja kwanza, nimesema nilitia sahihi nikijua. Nimefukuzwa kazi kabla ya saa sita. Wapelelezi wameniambia Alfonsi huenda akatoka wiki hii, na kwamba familia ya marehemu isitegemee kitu kutoka kwa kampuni. Nilitoka pale nikaenda Biryogo kumwambia mtoto wa Mama Shamimu mwenyewe, kwa mdomo wangu. Alinisikiliza mlangoni hadi mwisho, kisha akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza. Mama hajanisemesha tangu jana. Nakukumbuka, nami sina pa kuliweka hili kwa kuwa kila mlango niliokuwa nikiukimbilia ulikuwa wako.

Lakini kurasa zile nne hazina kila kitu. Kuna jambo sikuliandika, na ndilo lililonifanya nikuandikie hadharani, ili nisipate tena pa kujificha.

Asubuhi ile ulinipigia simu. Nilikuwa naingia mkutanoni. Nyuma yako nilisikia watu wakicheka. Ukasema, "Mama, hawa wamekataa kushuka. Wananionyesha kile kibao. Wewe unasemaje?" Nilielewa vizuri ulichokuwa unaniuliza. Mkurugenzi alikuwa amenishikia mlango. Nikasema, "Wapeleke tu, baba. Bima unayo."

Kisha ukasema, "Haya, mama," ukakata.

Kesho asubuhi nitarudi kuliongeza hilo kwenye maelezo. Pumzika, baba.

Binti yako uliyemtii